MAISHA YA DAG HAMMARSKJÖLD NA MSAADA WA MATAIFA KWA KONGO



Mwaka wa 2024, wakati vita ya Masisi na Sake ilisukuma watu wengi sana kukimbilia huku kwetu Minova, tuliona kamio zikipita barabara ya Bukavu na Goma, zimejaa magunia ya PAM, mabashi ya plastiki na bidoni za maji. Mwezi wa 1, 2025, vita ikafika Minova yenyewe. Siku zile swali moja lilizunguka kati yetu wanafunzi: hawa wanaotupa chakula, wanatupa juu ya nini? Wengine walisema ni upendo tu. Wengine walisema hakuna serikali inayotoa dolari bure, na mtu anayelishwa na mwenzake hana tena sauti katika nyumba yake. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na hatukumaliza.

Njo maana safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, tumemchagua mtu aliyepigana na swali hilo hilo, hapa hapa katika nchi yetu, mpaka siku ya kufa kwake. Aliitwa Dag Hammarskjöld. Alikuwa Katibu Mkuu wa pili wa ONU. Wazee wetu walisikia jina lake kwa redio kila siku katika mwaka wa 1960 na 1961. Sisi vijana wengi hatumjui.

1. MTOTO WA MTU ALIYEANGUSHWA NA NJAA

Dag alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 7, 1905, katika mji wa Jönköping, nchi ya Uswidi. Ni nchi ile ile walikotoka wamisionari waliokuja Kivu tangu 1921 kuhubiri na kujenga makanisa ya Kipentekoste. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho, wote wanaume. Alikomea katika mji wa Uppsala, ndani ya nyumba kubwa ya kifalme iliyo juu ya kilima, maana baba yake Hjalmar alikuwa gavana wa jimbo lile. Mama yake Agnes alikuwa mtu wa sala, na kwake kila mtu, tajiri ao maskini, alikuwa mtoto wa Mungu sawasawa na mwingine.

Mwaka wa 1914 baba akawa Waziri wa Kwanza wa Uswidi. Mwaka ule ule vita kuu ya kwanza ikaanza. Uswidi haikuingia vitani, lakini njia za bahari zilifungwa na chakula kikapungua. Baba yake Dag alikuwa mtu mgumu, alikataa mapatano ya biashara na Waingereza, na raia wakazidi kuteseka. Jina la ukoo wao linatoka katika maneno mawili, nyundo na ngao. Watu wenye njaa wakaligeuza wakamwita Hungerskjöld, maana yake ngao ya njaa. Mwaka wa 1917 akaangushwa. Dag alikuwa na miaka 11.

Tunaomba msomaji asisahau jambo hili. Mtoto huyu alijua mapema kwamba nchi inaweza kukaa nje ya vita na bado vita ikaingia katika sufuria. Tena alijua kwamba kiongozi anaweza kuwa na haki katika vitabu vyake, na watu wakalala njaa.

2. MTU WA HESABU PA PARIS

Dag alikuwa na akili nyingi ya vitabu. Alisoma pa Uppsala, kisha akapata udaktari wa uchumi pa Stockholm mwaka wa 1933. Alipokuwa na miaka 31 tu akawa katibu mkubwa katika wizara ya fedha. Tangu 1941 mpaka 1948 aliongoza baraza la benki ya taifa. Hakuoa. Hakuingia katika chama chochote cha siasa. Alipenda kazi, mashairi, na kupanda milima.

Nyuma ya vita kuu ya pili Ulaya ilikuwa imebomoka: madaraja, viwanda, nyumba, mashamba. Tarehe 5 mwezi wa 6, 1947, George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatangaza kwamba serikali yake iko tayari kusaidia kujenga tena. Tangu 1948 mpaka 1952 Marekani ilitoa karibu dolari bilioni 13. Lakini Wamarekani waliweka sharti moja kubwa: nchi za Ulaya zikae kwanza pamoja kwa meza moja, zipatane zenyewe juu ya mahitaji yao. Mwaka wa 1947 nchi 16 zikakutana pa Paris. Uswidi ilimtuma Dag Hammarskjöld.

Basi mtu huyu, kabla ya kuja kutoa msaada, alikaa kwanza upande wa wanaopokea. Hapa Kongo wengi wanafikiri msaada ni kitu cha Waafrika. Kumbe Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Italia, hata Ubelgiji iliyotutawala, zote zilinyoosha mkono na kupokea. Hazikuitwa nchi za ombaomba juu ya hiyo. Zilikuwa na watu waliosoma, zilikuwa na ofisi zinazofanya kazi, na zilikuwa na nafasi kwa meza. Dag aliona pia upande mwingine: Urusi ya Wasovieti iliukataa mpango ule na kuzizuia nchi zilizokuwa chini yake zisiingie. Alielewa kwamba mkate wa serikali kubwa una rangi. Ukila wa huyu, yule anakuhesabu adui.

3. KATIBU MKUU

Mwezi wa 4, 1953, akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa ONU. Alikuwa na miaka 47. Nje ya Ulaya wachache walimjua, na wakubwa wa dunia walimkubali wakifikiri ni mtu wa karatasi, asiye na makelele.

Walikosea. Mwezi wa 1, 1955, alisafiri mwenyewe mpaka Pekini kuomba askari 11 wa ndege wa Marekani waliofungwa huko. Alizungumza pole pole na kwa heshima, na mwezi wa 8 wakafunguliwa. Mwaka wa 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliposhambulia Misri juu ya mfereji wa Suez, yeye na Lester Pearson wa Kanada walitengeneza kwa siku chache jeshi la kwanza la ONU la kulinda amani. ONU ikaondoa pia meli zilizozama ndani ya mfereji, na mwaka wa 1957 njia ikafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza dunia kuona kofia za bluu zikitenganisha wapiganaji, huku mafundi wakitengeneza kilichobomoka.

Mwisho wa 1959 na mwanzo wa 1960 alizunguka Afrika, nchi na makoloni zaidi ya 20, na Kongo pia. Aliona uhuru unakuja kwa haraka. Aliogopa jambo moja: kwamba mataifa mapya yatakuwa na bendera bila wanganga, bila mainjinia, bila fedha, na wakubwa wawili, Marekani na Urusi, watakuja kuyanunua moja moja.

4. KONGO INAITA

Kongo ilipata Uhuru tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Tujikumbushe hali ya siku ile. Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Hakukuwa Mkongomani hata mmoja aliyekuwa munganga kamili. Katika jeshi hakukuwa ofisa hata mmoja mweusi. Wabelgiji walitawala karibu miaka 80, na hivi njo walivyoacha nyumba.

Tarehe 5 mwezi wa 7 askari wakaasi. Wazungu wakakimbia kwa maelfu. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji wakaingia bila ruhusa ya serikali yetu. Tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 12 Prezidenti Kasavubu na Waziri wa Kwanza Patrice Lumumba wakatuma telegramu kwa ONU kuomba msaada. Hammarskjöld akaita Baraza la Usalama, wakakaa usiku, na tarehe 14 wakakubali. Tarehe 15 askari wa kwanza, Watunisia, walikuwa wamefika Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Jeshi lile lilipokuwa kubwa kabisa lilikaribia watu 20.000, wengi wao Waafrika na Waasia. Huku Kivu walikuja askari wa Nigeria.

Watu wanakumbuka askari, lakini Hammarskjöld alikuwa na mkono wa pili, kazi za kiraia, chini ya Mswidi mwenzake Sture Linnér. Shirika la afya la dunia lilileta wanganga kujaza hospitali zilizobaki tupu. Wasaidizi wa wanganga Wakongomani walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wanganga kamili. UNESCO ilitafuta walimu wa sekondari ili shule zisifungwe. Mafundi walishika kazi katika viwanja vya avio. Wengine walichimba mchanga katika njia ya mto wa Kongo ili meli zifike Matadi, maana bandari ile ikifungwa, Kinshasa yote inakosa chakula. Kazi hizi hazina nyimbo. Lakini bila hizo nchi ingekufa mbele ya kutimiza mwaka.

Na hapa tunafika kwa mpango wake mkubwa. Hammarskjöld alitaka msaada wa kila serikali, ukitoka Washington, Moscow, Brussels ao kwingine, uingie katika mfuko mmoja wa ONU, kisha utoke kwenda kwa Wakongomani bila jina la mtoaji. Tarehe 20 mwezi wa 9, 1960, mkutano mkuu wa ONU ulikubali mfuko wa namna hiyo, na kuomba mataifa yachange. Wazo lilikuwa hili: mwenye njaa asijue ni nani amwabudu. Lakini serikali hazikutoa zote vile alivyoomba. Serikali inapenda gunia lake liandikwe jina lake.

5. NJAA YA KASAI

Katika miezi ile ile Waluba waliofukuzwa sehemu nyingi walikimbilia Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi. Walifika kwa mamia ya maelfu, hakuna mashamba, hakuna nyumba. Mwezi wa 8, 1960, askari wa serikali waliotumwa kupigana na waliojitenga pale waliua raia wengi. Mwisho wa mwaka njaa ikawa kali. Karibu watu 200 walikufa kila siku, wengi watoto wenye miguu iliyovimba na nywele nyekundu. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezewa ugonjwa huo.

ONU ilipanga avio na kamio kupeleka vyakula na maziwa ya unga, kutoka serikali nyingi, makanisa na misalaba myekundu. Kisha wakagawa mbegu, ili watu wapande na kuacha kungoja avio. Katika miezi ya kwanza ya 1961 vifo vilipungua sana. Mtoto wa ngao ya njaa alikuwa amekuwa ngao mbele ya njaa.

Mwezi wa 12 wa mwaka ule ule wa 1961 ONU ikaanzisha PAM, ile tunayosoma jina lake kwa magunia. Hammarskjöld hakuiona.

6. DOA LISILOFUTIKA

Hatuandiki maisha ya malaika. Lazima tuseme juu ya Lumumba.

Lumumba aliita ONU ili Wabelgiji watoke na Katanga irudi. Hammarskjöld alisema jeshi lake si la kuingia katika ugomvi wa ndani. Tarehe 12 mwezi wa 8, 1960, akaenda Katanga na askari wa Uswidi, akaonana na Tshombe, bila kupitia kwa Lumumba aliyekuwa kiongozi wa serikali iliyomwita. Lumumba alikasirika sana, na tukiwa wakweli tunaelewa hasira yake. Mwenye nyumba anaita jirani kuzima moto, jirani anaingia kwa mlango wa nyuma na kuanza kuzungumza na aliyewasha. Lumumba akaomba avio na kamio kwa Warusi. Wamarekani wakaamua ni adui.

Tarehe 5 mwezi wa 9 Kasavubu akamfukuza Lumumba. Wakubwa wa ONU pale Kinshasa wakafunga viwanja vya avio na redio ya taifa. Walisema ni kwa kuzuia vita, lakini aliyeumia ni Lumumba, maana sauti yake ilikuwa nguvu yake. Baadaye alilindwa nyumbani kwake na kofia za bluu. Alipotoka kwa siri kwenda Stanleyville, mwezi wa 12 akakamatwa karibu na mto Sankuru, na ONU haikumwokoa. Tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, akauawa Katanga.

Kwa wazee wetu wengi, doa hili halikufutika. Mtu aliyetaka msaada usiwe na upande, mwishoni alionekana ana upande. Warusi walidai aache kazi na mahali pake wakae watu watatu. Alikataa. Alijibu kwamba wakubwa hawahitaji ONU, wanaoihitaji ni mataifa madogo, na kwa ajili yao atabaki mahali pake. Waafrika na Waasia wengi katika mkutano ule walimpigia mikono.

7. USIKU WA NDOLA

Mwezi wa 9, 1961, vita ilianza Katanga kati ya askari wa ONU na wa Tshombe. Hammarskjöld alikuwa amefika Kinshasa. Akaamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe pa Ndola, katika nchi tunayoiita leo Zambia, ili bunduki zinyamaze. Tarehe 17 alasiri avio yake ikaruka. Ilizunguka mbali upande wa mashariki, kupitia ziwa Tanganyika, ili kuepuka avio ya vita ya Katanga. Nyuma kidogo ya saa sita ya usiku, tarehe 18, ikaanguka katika pori, karibu kilometa 15 kutoka uwanja wa Ndola. Walikuwa watu 16. Mmoja alitolewa akiwa hai, naye akafa siku ya sita.

Wachoma makala waliokuwa porini usiku ule waliona mambo. Wengine walisema waliona avio ya pili mbinguni. Wakuu wa koloni hawakuyatia maanani maneno yao, maana walikuwa watu weusi wenye mikono ya moshi. Miaka zaidi ya 50 ilipita. Tangu 2015 ONU imempa kazi ya kuchunguza Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, naye ameyapa uzito maneno ya wale wachoma makala. Ameomba serikali kubwa zifungue maandishi yao ya siri. Sababu ya kuanguka bado haijathibitishwa.

Katika chumba alicholala Kinshasa kulibaki kitabu cha zamani cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo, na ndani yake karatasi ya kiapo chake cha kazi. New York walikuta daftari ambamo aliandika sala na mawazo yake kwa miaka mingi. Lilichapishwa 1963, na watu wakashangaa, maana halikusema karibu chochote juu ya wakubwa aliokutana nao. Lilisema juu ya roho yake na Mungu wake. Mwaka wa 1961 alipewa tuzo ya amani ya Nobel akiwa amekwisha kufa. Alizikwa Uppsala, mji wa utoto wake.

Katanga ilirudi mwezi wa 1, 1963. Askari wa mwisho wa ONU wakaondoka tarehe 30 mwezi wa 6, 1964.

8. NA SISI?

Tunarudi kwa swali letu. Je, mtu anayelishwa anapoteza sauti?

Maisha haya yanatuonyesha mambo mawili. La kwanza, msaada wa serikali hautoki mikono mitupu. Una mwenye kuutoa, na mwenye kuutoa anaweza kuufunga. Tumeona wenyewe: MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini mwezi wa 6, 2024. Na mwaka wa 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa kuliko zote ya msaada wa kibinadamu kwa Kongo, ilikata sehemu kubwa ya fedha zile. Hakuna mama wa kambi aliyeulizwa. Hammarskjöld aliliona jambo hili mbele, njo maana alitaka mfuko mmoja usio na jina.

La pili, yeye mwenyewe alisahau somo la Paris. Pale wapokeaji walikuwa na nafasi kwa meza. Hapa Kongo, katika saa ngumu, mambo yaliamuliwa bila mwenye nyumba, na msaada ulioingia kwa nia njema ukaacha uchungu mpaka leo. Kulishwa peke yake hakuondoi sauti, Wabelgiji na Wafaransa walilishwa na wakabaki na sauti. Kinachoiondoa ni kukosa watu wa kukaa kwa meza: munganga, injinia, mtu wa hesabu, mwalimu. Mwaka wa 1960 hatukuwa nao. Leo tunao, na wengine wako sasa katika madarasa yetu, wengine wanasoma chini ya bashi.

Ndugu wanafunzi, anayepokea gunia asione haya. Lakini ajifunze kusoma kilichoandikwa juu yake, ahesabu kilicho ndani, na abakize mbegu.

Tukutane katika numero ijayo, Mungu akipenda.